Muziki Uliofungiwa Karanga

Mwaka wa 1994 niliuza muziki wote wa baba mkwe wangu katika soko la Panda, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na karanga. Sikujua. Nasema sikujua, lakini kila nikisema hivyo hasira inanipanda upya, na sijui nianze kumkasirikia nani.

Baba mkwe anaitwa Théophile Kilonda. Naliandika jina lake hapa, ila kwa mdomo silitaji. Kwetu mke hataji jina la baba wa mume wake, hakai naye karibu, wala hamwangalii usoni akisema naye. Kwa hiyo tulikuwa tunasemezana kupitia mtoto. Mimi nasema, “Princesse, ambia nkambo bukari iko tayari.” Naye anajibu toka kiti chake cha barazani, “Princesse, ambia mama yako aksanti.” Princesse wakati ule alikuwa hata jino hajaota. Bukari ni ugali, na nkambo kwetu ni babu au bibi, na mimi pia nikazoea kumwita hivyo, Nkambo, kama mtoto.

Tulikaa sisi watatu katika nyumba yake ya Kampuni ya migodi, kambini Panda, hapa Likasi. Mama mkwe alikwisha kufa. Mume wangu Guy alikuwa Kambove, anachimba mawe kwa sururu kama wengine wote, maana karakana alimofundishwa kazi ilikuwa imefungwa na kufuli lake limeota kutu. Nikaanza kuuza karanga. Karanga zinahitaji karatasi ya kukunja kama pembe, na siku zile wanawake wote wa soko tulikunja karatasi za Kampuni, kwa sababu toka watu walipopora ofisi mwaka wa 1991 zilikuwa zimejaa kila mahali. Kwa hiyo nilipokuta sanduku chini ya kitanda cha chumba kidogo, limejaa fomu za zamani za kuhesabia wafanyakazi, nikamshukuru Mungu. Nyuma ya kila fomu palikuwa na mistari na madoa ya wino. Mimi nilimaliza darasa la sita. Najua kusoma, lakini madoa yale sikuyajua. Nilidhani ni uchafu wa ofisi.

Sanduku lilidumu miezi miwili.

Siku alipolivuta na kulikuta tupu, nilikuwa uani naosha nepi. Alitoka akasimama mlangoni. Nikasikia pumzi yake tu, sikuinua macho.

“Princesse,” akasema, “uliza mama yako, makaratasi ya mu sanduku nani aliyatoa?”

“Princesse, ambia nkambo ni minye. Nilifungia karanga.”

“Ambia mama yako, haina mambo. Karatasi ni karatasi.” Akaingia ndani, akafunga mlango, na kwa siku tatu hakugusa violoni aliyokuwa anaipiga kila jioni.

Aliyenieleza ni jirani yetu, Mama Georgette. Alicheka hadi akashika ukuta. “Weye! Ile haikukuwa makaratasi ya bure! Ile njo muziki ya sinema! Sisi wote tulikomaa na ile muziki. Weye umeikulisha bantu na karanga!”

Hapo nikaelewa nimefanya nini. Nilikaa nikingoja Nkambo aniseme. Hakunisema kamwe.

Habari yenyewe ni hii. Alipokuwa kijana, mapadri walimfundisha violoni, yeye na wenzake watatu: Mwepu, Tshimanga na Ntambwe. Baadaye Kampuni ikamwajiri kuonyesha sinema. Alikuwa anatundika shuka jeupe kwenye kiwanja cha mpira, Panda leo, Kambove kesho, na watu wote wa kambi wanakuja na viti vyao. Filamu zilikuwa za kufundisha: osha mikono, chemsha maji, vaa kofia ya chuma kabla ya kushuka shimoni. Alizipiga mzungu mmoja, Bwana Delvigne. Zilitoka kwenye kamera zikiwa bubu. Jumamosi baada ya kazi Delvigne anawaonyesha filamu ukutani mwa sakristia ya kanisa, na Nkambo anakaa mbele na saa mkononi, anahesabu: huyu mtu anatembea hatua kumi na sita, hapa anageuka, hapa jiwe linaanguka. Halafu anaenda nyumbani, anaandika nyuma ya fomu za Kampuni kwa sababu karatasi nyingine hakupewa. Jumamosi inayofuata wanne wanapiga, na Delvigne anakamata sauti kwa mashine. Filamu kumi na tisa. Na kwenye kila moja, mwanzoni, herufi nyeupe: Picha na muziki, Delvigne.

“Alikuwa fundi wa kamera, minye sikatai,” Nkambo alikuwa anasema. “Lakini muziki? Ule muzungu hakujua hata kupiga mluzi!”

Delvigne alirudi kwao zamani, na bobini zote. Mwepu alikufa. Tshimanga na Ntambwe walikuwa watu ambao babu zao walitoka Kasai, na mwaka wa 1993 unajua kilichowapata watu wa Kasai hapa Likasi: walifukuzwa majumbani mwao, eti si wenyeji. Walikaa stesheni miezi, na watoto, na masufuria, wakingoja treni, na wengine wakazikwa palepale. Tshimanga aliondoka na violoni yake kubwa imefungwa katika blanketi. Toka hapo hakuna barua.

Sasa, mwezi wa nane mwaka wa 1995, tangazo likabandikwa ukutani karibu na soko. Wanamuziki wanne, wawili kutoka Ulaya na wawili kutoka Lubumbashi, watapiga kwa violoni muziki wa filamu za zamani za Kampuni. Kazi ya Monsieur Delvigne, liliandikwa, mtunzi asiyejulikana vya kutosha. Jumapili saa tisa mchana, kuingia bure.

Nkambo alilisoma mara tatu. Nyumbani alipiga meza kwa kiganja hadi kikombe kikaanguka, na Princesse akaanza kulia. Sijawahi kumwona hivyo.

“Princesse, ambia mama yako tunaenda. Tulikuwa bane. Nataka niwasikie wakisema tulikuwa bane. Kingine sitaki, wala chakula chao.”

Nilimpigia pasi shati. Kwetu bane ni wanne, yeye na wale wenzake watatu. Ni hicho tu alichotaka, jina, lake na la wenzake, litamkwe mbele ya watu waliokulia na muziki ule. Na ushahidi wake wote niliuuza mimi.

Jumapili ukumbi wa Kampuni ulijaa. Umeme wa bwawa la Mwadingusha ulikuwa unakuja na kwenda, ndiyo maana waliweka mchana na kufungua madirisha yote. Viti vya ukumbi viliporwa zamani, kwa hiyo kila mtu alikuja na chake kichwani. Nkambo aliketi mbele. Mimi niliketi safu tatu nyuma, kama inavyopasa, na Princesse mapajani, na Mama Georgette ubavuni kwangu.

“Mama Princesse, leo haukuleta karanga?” akaniuliza kwa sauti, ili wasikie wote. “Bantu beko na njaa!”

Watu wakacheka. Mimi nikatazama sakafu.

Aliyefungua ni Monsieur Alphonse, mkubwa wa mambo ya utamaduni wa mji, ndani ya suti na tai. Alisema Kifaransa kirefu. Delvigne, Delvigne, Delvigne. Nilihesabu mara kumi na moja. Kila mara shingo ya Nkambo ilikuwa inaingia mabegani kidogo, kama mtu anayenyeshewa.

Halafu mwanamke wa violoni ya kwanza, jina lake Claire, mwembamba, amefunga nywele kwa kamba ya kiatu, akaeleza na Alphonse akatafsiri. Alisema karatasi za muziki huu hazikupatikana popote. Familia ya Delvigne ilikuwa na bobini, ile mikanda ya filamu iliyoviringishwa, na yeye alisikiliza sauti yake na kuiandika kwa sikio, noti kwa noti. Akasema katika filamu ya kofia kuna mahali muziki unaruka ghafla, kama ardhi inapasuka. Mtu wa kawaida hawezi kutunga hivyo, alisema. Delvigne alikuwa mbele ya wakati wake.

Wakapiga. Siwezi kusema uongo, ulikuwa mzuri. Muziki wa kuosha mikono ulipoanza, wazee wakaanza kusugua viganja bila kujua. Wanawake walikuwa wanaimba kwa pua. Nikaona muziki niliofungia karanga ukirudi kutoka mikononi mwa wageni.

Kisha wakaanza ule wa kofia. Mtu anatembea kwenda kazini, hatua, hatua, hatua, na mara violoni zote nne zikaruka, puu, kama mtu aliyekosa ngazi.

Ukumbi mzima ukapasuka kwa sauti moja: “Opérateur! Opérateur eko analala!”

Walipiga miguu, walipiga viti, walicheka machozi. Wale wanne wakasimamisha mikono hewani. Hawakuelewa. Lakini kila mtu wa Panda alielewa. Pale filamu ilikuwa imekatika, na miaka yote, kila ilipofika pale, watu walimzomea mwonyesha sinema kwa maneno yaleyale. Wageni walikuwa wamejifunza kovu la bobini yetu wakidhani ni akili ya mzungu.

Nkambo akasimama.

“Hapo munaruka,” akasema. “Mezire munane haiko.” Mezire ndivyo wanamuziki wanavyoita vipande wanavyovihesabu.

Alphonse akashuka ngazi moja. “Papa, tafadhali, ukae chini. Hii ni concert, haiko match ya mpira.”

“Ile filme iliungua mu mikono yangu, ku kiwanja ya Panda. Nilikata kipande na makasi, nikaunga na gundi. Mezire munane iliungua. Na ile mezire niliandika minye. Yote niliandika minye. Tulikuwa bane, Delvigne hakukuwa mu ile bane.”

“Vizuri. Na karatasi iko wapi?”

Nkambo alishika ukingo wa kiti chake.

“Papa, niko nakuuliza na heshima. Karatasi iko wapi? Juu kama haina karatasi, kila muzee wa Panda atasimama aseme muziki ni yake. Kesho mwingine atakuya kusema njo yeye alijenga barrage ya Mwadingusha!”

Watu wakacheka. Watu walewale. Nkambo alisimama na mikono imening'inia, macho sakafuni. Angeweza kugeuka na kuninyoshea kidole. Hakugeuka. Alikuwa ananificha mbele ya mji mzima, na mji mzima ulikuwa unamcheka kwa ajili yangu, na yule wa tai alikuwa anatabasamu.

Nilisimama na mtoto mkononi. Mke wa mtoto wake, mbele yake, kusema katika kikao cha watu! Sijui nilipata wapi sauti.

“Makaratasi niliuzisha minye! Mwaka jana, ku soko. Nilifungia karanga. Fomu za Kampuni, na nyuma mistari na madoadoa. Musimucheke yeye. Mucheke minye!”

Halafu mwanamke mmoja kule nyuma akasema, “Ni kweli, ile ya madoadoa! Mutoto yangu aliniuliza, mama, hii ni batoto ya chura?”

“Hata minye nilinunua! Niliwashia makaa!”

“Mistari mitano mitano,” akasema mzee mmoja. “Mi nilisema ni waya ya umeme bamechora.”

“Na hii Mama Georgette alikula yote!” Kicheko tena, lakini safari hii hakikuwa cha kumcheka Nkambo.

“Karanga haiko preuve, haiko ushahidi!” Alphonse akapaza sauti. Claire alikuwa anamvuta mkono wa koti, anauliza wanasema nini, naye hamjibu. Basi Nkambo mwenyewe akamjibu, kwa Kifaransa chake cha mapadri, polepole. Yule mwanamke akasikiliza mpaka mwisho. Akashuka jukwaani na kumpa violoni yake.

Nkambo aliiweka begani. Alianza nyuma kidogo, kwenye zile hatua za mtu anayekwenda kazini, na alipofika mahali pa kuruka hakuruka. Sauti ikapanda, ndogo, ya haraka, ya wasiwasi, inakimbia nyuma ya zile hatua, inaita, inajikwaa, inaita tena. Sikujua ni nini, lakini miguu yangu ilijua. Nimemkimbilia Guy hivyo, alfajiri, akiwa amesahau sweta.

Mzee mmoja wa shimoni, amekonda kama msumari, akasimama juu ya kiti chake. “Muke yake! Njo bibi yake anakimbia na ile kofia! Anamuita, bwana hasikie! Minye niliiona kabla haijaungua!”

“Ndiyo! Na kitenge inaanguka!”

“Ndiyo, ndiyo!”

Baada ya hapo hata Alphonse hakuuliza tena karatasi. Alijifuta paji la uso. “Bon. Tutasema, muziki ya Monsieur Delvigne, na musaada ya Papa Théophile.”

“Musaada?” Nkambo akasema. “Na Delvigne alinisaidia nini? Alinishikia mwavuli?”

Ukumbi ukalipuka. Claire alikuwa amepiga magoti sakafuni, anaandika zile mezire kwa penseli. Akamuuliza jina lake lote. Akapanda jukwaani, akaonyesha tangazo lililobandikwa pale, akalikata kwa mstari jina la Delvigne, akaandika na kusema kwa sauti: Théophile Kilonda. Watu walipiga makofi hadi vumbi likashuka darini. Mimi nilikuwa nalia. Nilisema moyoni, imekwisha, Mungu ametusaidia.

Lakini Nkambo alikuwa bado amesimama, na violoni ya mtu mkononi.

“Andika ingine. Nilisema bane. Mwepu.”

Akaandika. Makofi tena, Mwepu alikuwa mtu wa watu.

“Tshimanga. Ntambwe.”

Nilisikia ukumbi ukipoa. Alphonse akamkaribia, akasema chini, lakini mimi nilisikia: “Papa, achana na ile. Umepata jina yako. Ile majina ingine hapa, leo, hapana.”

“Juu ya nini hapana?”

“Weye mwenyewe unajua.”

“Najua!” Sauti ya Nkambo ilikatika. “Na hawa wote wanajua! Mulikuwa ku stesheni, sisi wote tulikuwa kule, munazomea. Bengine mulipita kuchagua milango ya manyumba yao. Tshimanga alizaliwa hapa Panda, ku maternité ya Kampuni, kama batoto yenu! Ile bibi anakimbia, muliyemupigia makofi sasa hivi, alikuwa violoni ya Ntambwe. Ni mukono yake. Muliifurahia?”

“Na weye uko wa wapi?” mtu akapiga kelele toka nyuma.

“Kambove. Mama yangu alizikwa kule. Unataka nikuonyeshe kaburi?” Akamgeukia Claire. “Bane, ao hapana mutu. Kama ni minye peke yangu, urudishe Delvigne.”

Claire alitazama ukumbi, akamtazama yeye. Sijui alielewa kiasi gani. Akayasoma majina manne, moja baada ya jingine, kwa matamshi yake mabaya. Kwa la kwanza makofi, ila machache. Kwa la pili machache zaidi. Kwa la tatu nikasikia viti. Watu walikuwa wanainua viti vyao, wanaviweka kichwani, wanatoka. Hawakutukana. Walitoka tu, kama watu waliokumbuka kazi nyumbani. Nilimtia Princesse mapajani mwa Mama Georgette na kupiga makofi kwa Tshimanga, na kwa Ntambwe, kwa nguvu, mpaka viganja vikaniuma. Yule mzee wa shimoni naye alipiga. Tulikuwa sita, labda saba. Mama Georgette hakupiga. Yeye anakaa katika nyumba ya Ntambwe toka mwaka wa 1993, mlango wa tatu kutoka kwetu.

Claire akarudishiwa violoni yake, wakaupiga muziki wa kofia mzima, pamoja na zile mezire nane, mbele ya sakafu karibu tupu. Nkambo alisikiliza amesimama, na ulipokwisha aliinamisha kichwa mara moja kwa wale wanne, akachukua kiti chake.

Njiani alitangulia. Karibu na nyumba akasimama na kunisemesha mwenyewe, bila kupitia mtoto, mara ya kwanza toka niolewe.

“Uliwahesabu?”

“Tulikuwa sita, Papa. Ao saba.”

“Ni bachache.”

“Ni bachache, Papa.”

Akaingia ndani.

Asubuhi Mama Georgette alikuja uani kuomba chumvi na kukaa kidogo, kama kila Jumatatu. Alisimama pale na kisahani chake, anachezea ukingo.

“Nkambo yenu iko bado na hasira?” akaniuliza, anacheka kidogo.

“Yeye hapana,” nikamwambia. “Ni minye.”

Nilimpa chumvi. Kijiko kimoja, kilichojaa. Kiti sikumpa.